Nchi Iliyoishiwa na Maneno Matamu

Nchi ya Upoleni ipo, na asiyeamini mimi sikabani naye koo. Njia ya kufika huko siitaji, maana kila aliyekwenda huitaja kivyake na wote hurudi na vumbi lilelile miguuni. Ninazozijua ni habari za Bi Tunu binti Sefu, muuza asali, aliyeingia huko asubuhi moja na madumu yake manne, na kabla ya saa nne alikuwa ameshakamatwa.

Kosa lake? Alitangaza biashara.

Alikuwa ametandika mkeka sokoni, mkongojo ameulaza ubavuni. Mguu wake wa kushoto ulilegea akiwa na miaka mitatu, na kwa mkongojo huo alikuwa amezunguka nchi ambazo wenye miguu miwili mizima hawazijui hata kwa kusikia. Akasafisha koo, akaita kama anavyoita kila siku ya Mungu: "Asali! Asali safi! Asali hiyooo!"

Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Muuza nyanya akaangusha kopo lake la kupimia. Mwanamume mmoja mwenye mkono uliopooza, aliyekuwa akipita na kikapu chake, akasimama, akamwangalia Tunu, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Leo angalau nimeitwa kwa sauti nzuri," akasema, akaenda zake.

Wakaja askari wawili, wameinamisha vichwa kama waliofiwa. "Samahani sana, mama yetu," akasema mmoja. "Samahani tena," akasema wa pili, "tunakukamata." Ndivyo walivyo watu wa Upoleni, hakuna asemaye jambo bila samahani, na hata mwizi wao hubisha hodi.

Wakampeleka kwenye kibanda kilichokuwa pembeni mwa soko, kwa afisa mmoja mwembamba aitwaye Bwana Ngwali, penseli sikioni, kikombe cha maji mkononi. Huyu alikuwa Mwonjaji Mkuu wa Maneno. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mahali ambapo watu husema bila kujichunga: nyuma ya magoli watoto wanapocheza mpira, kwenye foleni ya bomba, chini ya madirisha ya wanandoa. Alikwenda kusikiliza neno gani linatumika kumtukania mtu. Katika Upoleni kila jina walilopewa watu wenye ulemavu lilikuwa halikawii kugeuka tusi. Neno likisharushiwa kipa aliyefungwa bao mara tatu kwa siku moja, Ngwali huandika kwamba limechacha, na Baraza hukaa kutafuta jingine.

"Bi mkubwa," akaanza, "unashitakiwa kwa kutamka hadharani neno lililochacha. Ni lile neno la A."

"Asali?"

Ngwali akafumba macho, akachukua maji, akasukutua, akatema. "Hapa tunasema maji ya nyuki."

"Maji ya nyuki!" Tunu akashika kiuno. "Ewe baba, nani atanunua maji ya nyuki? Si watadhani nauza mkojo?"

Hapo ndipo Ngwali alipouona mkongojo. Akainuka mbiombio, kikombe kikamwagika. "Masikini mimi! Kumbe wewe mwenyewe ni mhusika! Samahani mara elfu. Mhusika hawezi kumtusi mhusika, sheria iko wazi. Uko huru kabisa. Niandike jina gani?"

"Tunu."

"Rudia, tafadhali."

"Tunu. Hujalisikia? Ni jina la bibi yangu, likaja kwangu, na sasa analo mjukuu wangu. Ana siku arobaini tu, somo yangu huyo."

Ngwali hakuwa akisikiliza habari za mjukuu. Alikuwa amelitia lile neno mdomoni, analigeuza huku na huku. "Tunu," akanong'ona. "Tunu, tunu. Halina hata chembe ya uchungu. Limefika bichi kabisa." Akatoa penseli sikioni, akaandika mistari mitatu. Tunu akadhani anaandikiwa kuachiwa, akamshukuru.

Sasa jirani yake Tunu pale alipohamishia biashara alikuwa Bi Mashavu, muuza vitumbua. Alikaa miaka yote chini ya ngazi za Baraza, na alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Umri wake sitini na ushei, mdomo wake ishirini. Tunu akamsimulia mkasa wa asubuhi, Mashavu akageuza kitumbua, akaguna.

"Mwanangu, umeingia nchi ya watu wa ajabu. Mimi nilizaliwa kilema. Tukakaa vilema hivyohivyo miaka arobaini, watu wakitumia neno hilo kutukania punda na wakwe. Siku moja wasomi wakagundua kwamba kilema yuko ngeli moja na kiti na kijiko. Wee! Kilio! Binadamu atawekwaje kabati moja na vijiko? Tukahamishwa, tukawa walemavu. Wakatufanyia sherehe, tukapewa soda."

"Ikawaje?"

"Ikawaje nini? Nikanywa soda, nikarudi nyumbani. Mtaro ulionivunja jino mwaka ule ulikuwa palepale unaningoja. Nikaenda kuwauliza, na kiongozi je? Kiongozi naye si anaanza na *ki* kama kijiko? Mbona yeye hamkumhamisha? Wakaniambia nisichanganye mambo."

Tunu akacheka mpaka asali ikataka kumwagika. Mashavu alikuwa bado hajamaliza. Walemavu nalo likachacha, wakawa watu wenye ulemavu. Likachacha, wakawa wenye mahitaji, na hilo halikumaliza mwaka, maana wanawake wote wa Upoleni walianza kuwaita hivyo waume zao. Baraza likaona maneno ya maelezo hayafai, bora kutumia maneno matamu. Likachukua wapendwa. Likachukua nyota. Likachukua waridi, na mwisho asali, ambayo ilidumu miezi minane.

"Na likishachukuliwa halirudi," akasema Mashavu. "Bwana harusi mmoja alimwita mkewe nyota yangu, ndoa ikavunjika palepale ukumbini, biriani halijapakuliwa. Siku hizi mtu akipenda sana anasema, wewe ni mchele wangu. Mchele bado hawajauchukua."

Ndipo Tunu alipoacha kucheka. Kule kwao, upande wa pili wa mpaka, alikuwapo msichana mmoja aitwaye Waridi. Wafanyabiashara waliotoka Upoleni walikuwa wakisikia jina lake wanashika mbavu kwa kucheka. Baada ya mwaka watoto wa mtaani wakaanza kumkimbilia nyuma wakiliimba, pasipo yeyote kujua kwa nini, na yule binti akaacha shule, akabadili jina. Kumbe tusi hilo lilikuwa limetokea huku.

Alikuwa bado analifikiria hilo mpiga mbiu alipotokea na ngoma yake kifuani. "Samahani, wananchi! Samahani kwa kelele! Baraza Tukufu la Majina lawatangazia furaha. Jina jipya limepatikana! Kuanzia kura itakayopigwa kesho saa tatu asubuhi, wahusika wote wataitwa tunu! Mtu tunu, watu tunu! Samahani!"

Akilini Tunu akamwona mjukuu wake ana miaka saba, yuko mbio uwanjani, na nyuma yake kundi la watoto wanamzomea kipa: Tunu we! Tunu mkubwa we! Na mtoto anageuka kila mara, anadhani anaitwa. Hasira zikampanda. Jina lile lilikuwa limebebwa na bibi yake katika njaa mbili na misiba saba bila doa, leo aje mtu na kikombe cha maji alichukue bure!

Akamfuata Ngwali kibandani. "Nataka kupinga."

"Vizuri sana," akasema Ngwali, na alisema kwa moyo wote. "Pingamizi linapokelewa. Ila lazima litolewe kutoka Kiti cha Wahusika, kule juu barazani. Ni ngazi arobaini na moja. Samahani, hatusemi ngazi tena. Baraza liliona linawaumiza wahusika, sasa tunasema miinuko rafiki."

"Wakabomoa hata moja?"

"Wakabadilisha jina," akasema Ngwali.

"Na hicho kiti nani amewahi kukikalia?"

"Hajatokea mtu. Kina chombo cha maua. Kila mwaka tunaandika kwenye taarifa kwamba wahusika hawajitokezi na inasikitisha sana."

Tunu akarudi kwa Mashavu. "Wewe miguu yako mizima. Mbona hukupanda hata siku moja?"

"Nipande? Kila nikigusa ngazi ya kwanza, walinzi wananishika mkono kwa upole, wananigeuza, wananivusha barabara. Nimevushwa barabara hii mara mia nne, mwanangu, na upande wa pili sina shughuli yoyote."

Asubuhi yake, saa mbili na nusu, Tunu akafunga kibwebwe. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza, ameipa kisogo milango ya Baraza, mkongojo juu ya mapaja. Akakaza viganja, akajiinua ngazi ya pili. Halafu ya tatu. Walinzi wakaduwaa. Sheria yao ilisema mtu wa namna ile avushwe barabara, lakini huyu hakuwa amesimama, angevushwaje? Walipokuwa wananong'onezana, Mashavu akabeba kapu lake la vitumbua, akawapita taratibu kwa kupapasa ukuta. Kwa mara ya kwanza katika miaka sitini akafika ngazi ya kumi.

Ngazi ya ishirini viganja vya Tunu vilikuwa vinawaka moto. Ya thelathini akataka kulia, akalia, na akaendelea kupanda huku analia. "Zimebaki ngapi?" akauliza Mashavu. "Usiniulize," akasema Tunu. Walifika juu jasho linawatiririka, Tunu akaushika mkongojo, akasimama. Akaingia ndani ya Baraza, akachukua chombo cha maua kilichokuwa kwenye Kiti cha Wahusika, akamkabidhi mjumbe aliyekuwa karibu, akakaa.

Mjumbe yule akabaki ameshika maua hadi mwisho wa kikao.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Pazi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembelezea watoto. "Ni furaha iliyoje," akasema, "kumwona mhusika kati yetu. Mheshimiwa Kombo alikuwa anaeleza uzuri wa jina lenyewe."

"Ahsante, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Kombo. "Kama alivyosema Mheshimiwa aliyenitangulia, na kama alivyoongeza Mheshimiwa aliyemtangulia Mheshimiwa huyo, jina ni laini, ni fupi, tena ni la kigeni."

"Ni langu," akasema Tunu.

"Na ndiyo heshima yenyewe, mama!" akasema Pazi. "Jina lako litakuwa midomoni mwa watu wote."

"Najua litakavyokuwa midomoni. Kama ni heshima, kaeni nayo wenyewe."

Wajumbe wakatabasamu kwa huruma. Wengine waliandika kwenye vikaratasi vyao kwamba mhusika ana uchungu, tumsamehe. Tunu akamgeukia karani, kijibwana cha makamo chenye miwani. "Mwanangu, hebu soma sheria yenu inasemaje juu ya jina jipya."

Karani akasoma. "Jina litakalochaguliwa sharti liwe neno linaloheshimiwa kuliko yote nchini."

"Kuliko yote," akarudia Tunu. "Sasa jamani, tunu linaheshimiwa na nani hapa? Limeingia juzi na madumu. Mimi nimekaa humu muda wa kunywa kikombe cha chai, na lipo neno moja nimelisikia mara thelathini, na kila likitajwa mtu anarekebisha koti. Sisi tulio na ulemavu tuiteni waheshimiwa."

Mjumbe wa maua akakohoa.

"Haiwezekani!" akapaza Kombo. "Hilo ni letu! Ukiwapa ninyi litachacha!"

"Lichachishwe na nini, baba?"

Kombo akaangalia dari. Wenzake nao wakaangalia dari, ungedhani kuna mjusi.

"Nauliza kwa kutaka kujua tu," akaendelea Tunu. "Tunu halitachacha, lakini mheshimiwa litachacha? Mnadhani litadumu wiki ngapi?"

Mwenyekiti Pazi akagonga meza kwa kidole kimoja, polepole. "Mama yetu, ombi lako tumelipokea kwa mikono miwili. Ila kuna utaratibu. Neno haliwezi kupitishwa bila Mwonjaji Mkuu kulithibitisha. Bwana Ngwali, tafadhali, waambie kwamba neno hili haliwezi kutumika."

Ngwali akasogea mbele na kikombe chake. Jasho lilikuwa limemlowanisha shingo. "Ni kweli, Mheshimiwa Mwenyekiti. Haliwezi kutumika."

"Mmesikia wenyewe," akasema Pazi.

"Haliwezi kutumika kwa sababu limeshachacha."

"Unasemaje wewe?"

"Limechacha zamani. Huu mwaka wa tisa." Sasa alikuwa ametoa daftari dogo mfuko wa ndani, akaanza kusoma. "Foleni ya bomba: mwanamke anaulizwa kwa nini mumewe hajaja kubeba ndoo, anajibu, mheshimiwa wangu bado kalala. Uwanja wa mpira: kipa amesimama, mikono kiunoni, mpira unampita, watoto wanazomea, mheshimiwa we! Soko la mashariki: yupo punda anayekula nyumba mbili na habebi mzigo wa nyumba yoyote. Anaitwa Mheshimiwa. Nimemwona mwenyewe, ameitikia."

Kikao kikachafuka. "Kwa nini hukusema?" akafoka Kombo.

"Nilikuwa nasukutua tu," akasema Ngwali, akainamisha kichwa.

Karani, ambaye hakuwa mtu wa kuruka vifungu, akainua mkono. Sheria ilisema neno lililochacha libadilishwe siku hiyohiyo, bila kuangalia ni la nani. Mjumbe wa maua, mtu mwema kwa kweli, akaona asaidie. Akasimama akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba wajumbe wasijisikie vibaya. Wao ni watu kama wengine, na anapendekeza iundwe kamati ya kuwatafutia, yaani ya kujitafutia, jina laini lisilokumbusha hali yao.

Pazi akapiga meza kwa ngumi. "Hali gani? Hali gani, we bwana? Sitaki jina laini! Jina ninalo! Mnibadilishe jina kwani mimi ndiye niliyekosa? Wanaotudharau ndio wabadilike! Waache kutudharau, basi, jina litapona lenyewe!"

Sauti ile ilitoka mpaka barabarani. Wazee wa Upoleni wanasema ndiyo mara ya kwanza mtu kufika mwisho wa maneno mengi kiasi hicho pasipo samahani hata moja.

Mlangoni, Bi Mashavu akaweka chini kapu lake. "Karani," akaita, "umeyaandika hayo?"

"Nimeyaandika, mama."

"Nisomee."

Karani akayasoma. Mashavu akasikiliza, uso ameuinua, midomo ikimcheza. "Miaka sitini nimekaa chini ya ngazi zenu nikitafuta namna ya kuyasema hayo," akasema, "na mwenzangu kayapata siku moja tu ya kuchachiwa. Yasome tena, mwanangu. Polepole."

Karani akasoma tena polepole, na hakuna mjumbe aliyemkatiza. Pazi alikuwa amekaa, anaangalia ngumi yake kama imemjia kutoka kwa mtu mwingine.

Baadaye, kwa kuwa maneno ya Mwenyekiti yalikuwa yameshaivunja kura, karani akachukua wino mwekundu, akalifuta neno *tunu* kwenye karatasi ya kura. Bi Tunu akasimama palepale mpaka wino ulipokauka, maana hakuwaamini, na ulipokauka akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Sasa kwenye fomu ya wahusika tuandike nini, mama?" karani akamuuliza kwa heshima. "Kuna nafasi ya kujaza."

"Mimi andika Tunu, yule andika Mashavu. Ukitaka zaidi, mguu wangu umelegea na macho yake hayaoni. Hatujawahi kuficha. Halafu andika ngazi arobaini na moja, uziite ngazi."

Akatoka. Akajikalisha kwenye ngazi ya juu kabisa, mkongojo mapajani, tayari kushuka. Akasikia nyayo nzito nyuma yake. Alikuwa Pazi, ile sauti ya kubembeleza imemrudia. Akachutama kwa shida karibu naye, akatazama kushoto na kulia.

"Bi Tunu," akasema, "sheria ni sheria, jina lazima tulipate kabla jua halijazama. Na ghala ni tupu. Nyota tuliwapa ninyi, waridi tuliwapa ninyi, asali pia. Limebaki mchele." Akameza mate. "Sasa nilikuwa nafikiri, hilo jina lako, kwa kuwa bado ni bichi, tena la heshima… sisi wenyewe tungeweza…"

"Thubutu!" akasema Bi Tunu, akashuka ngazi ya kwanza.